Daftari la Mgonjwa na Ufunguo Wake



Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wazazi wetu wa Ndama, wenye mashamba ya kahawa na migomba, waijua sana maana ya methali hii. Mkulima apelekapo kahawa yake katika chama cha msingi, haondoki pale mpaka aone kwa macho yake kilo zake zimeandikwa. Lakini mtu huyo huyo akiugua, akapimwa damu na kupewa dawa, mara nyingi hajali mambo hayo yameandikwa wapi, wala ni nani atakayeyasoma kesho.

Katika somo hili nataka kuwaonyesheni ya kuwa habari za mwili wa mtu ni mali kubwa kuliko kahawa. Kisha nitaeleza jinsi habari hizo zinavyotunzwa siku hizi ndani ya kompyuta, na jinsi waganga wanavyozifungua. Nisemapo "waganga" nina maana ya madaktari, matabibu, wauguzi na wote wenye kazi ya kutibu hospitalini. Lakini kwanza niwasimulie jambo lililoipata nyumba yangu.

DAFTARI LILILOLOWA

Mama yangu ni mzee sasa. Miaka kadhaa iliyopita alipewa vidonge vya Septrin kwa ajili ya kifua. Baada ya siku chache ngozi yake ikatoka malengelenge, midomo ikachubuka, na macho yakawa mekundu kama pilipili. Tabibu aliyemwokoa alitueleza kwamba mwili wake haupatani na dawa zenye salfa, na kwamba asipewe tena maisha yake yote. Akaandika onyo hilo kwa wino mwekundu katika daftari lake la matibabu, yaani lile daftari la kawaida tunalonunua dukani kwa ajili ya watoto wa shule.

Mama alilitunza daftari lake chini ya godoro. Masika ilipokuja bati likavuja, maji yakaingia, na wino mwekundu ukasambaa karatasi nzima hata herufi moja isisomeke. Hakuna aliyelifikiria tena. Mwaka uliofuata aliugua kifua tena, nami nilikuwa safarini. Wajukuu wakampeleka mahali pengine pa matibabu. Akaulizwa, "Mama, iko dawa inayokudhuru?" Akajibu, "Iko, baba, ni vile vidonge vyeupe." Ndugu zangu, vidonge vyeupe ni vingi kama nzige! Akapewa dawa ile ile.

Alipona, namshukuru Mungu, lakini jicho lake moja limebaki na ukungu mpaka leo. Aliyempa dawa simlaumu, maana aliuliza, wala hakuwa na pa kusoma. Lakini nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Onyo lile liliandikwa, tena liliandikwa vizuri. Ila halikuweza kufika mbele ya macho ya mtu aliyelihitaji, saa ile alipolihitaji. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

JAMBO HILI LILIANZAJE

Fikira ya kutunza habari za wagonjwa ndani ya kompyuta si ya jana. Mwaka 1972, katika mji wa Indianapolis huko Marekani, daktari Clement McDonald na wenzake wa taasisi ya Regenstrief walianza kuandika habari za wagonjwa wao katika kompyuta. Mwaka 1976 daktari huyo alitangaza jaribio lake. Kompyuta ilitoa karatasi ya kumkumbusha mganga, kwa mfano kwamba mgonjwa huyu anatumia dawa fulani, kwa hiyo apimwe jambo fulani. Waganga waliokumbushwa walitimiza mambo 51 katika kila 100 yaliyopaswa kutendwa. Wasipokumbushwa, walitimiza 22 tu. Nao walikuwa waganga wale wale! Hii yatuonyesha kwamba mganga hakosi kwa sababu ya ujinga tu. Hukosa pia kwa sababu akili ya mwanadamu haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ilianza mapema pia. Mwezi wa Februari mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza habari za wagonjwa wa nje katika kompyuta, kwa msaada wa walimu wa Chuo Kikuu cha Moi na wale wa Indiana. Kilikuwa kituo cha vijijini kama vyetu. Mgonjwa alipewa karatasi mlangoni, akaenda nayo kwa mganga, maabara na dirisha la dawa. Na alipokuwa akitoka, yaliyoandikwa yakaingizwa katika kompyuta. Kutokana na kazi ya Eldoret, mwaka 2004 watu wa Indiana pamoja na wenzao wa shirika la Partners In Health walianza kutengeneza programu iitwayo OpenMRS, ambayo nchi yoyote yaweza kuitumia bila kuinunua. Baadaye ikatumika hata Rwinkwavu, katika Rwanda ya mashariki, ng'ambo ya mto Kagera. Basi jambo hili lilitufikia kama majirani.

Nasi wa Kagera tuna sababu ya pekee ya kulijali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu huu, mwaka 1983. Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo zilipoanza kutolewa na Serikali mnamo mwaka 2004, ilionekana ya kuwa mtu atumiaye dawa maisha yake yote ahitaji kumbukumbu ya maisha yake yote. Ikatengenezwa kadi ya mgonjwa kukaa nayo mwenyewe, na kadi nyingine ya kubaki kliniki. Nayo ile ya kliniki ikawa inaingizwa katika kompyuta, ili asiyefika siku yake ajulikane na kutafutwa.

Kwa hospitali na vituo vya Serikali, TAMISEMI imeleta mfumo uitwao GoT-HOMIS, nao umewekwa mahali pengi katika nchi yetu. Vile vitabu vikubwa vya MTUHA, kama namba 5 cha wagonjwa wa nje na namba 12 cha wazazi, wengi wenu mmeviona mezani kwa wauguzi. Vitabu hivyo hutusaidia kujua ni watu wangapi wameugua malaria mwezi huu. Lakini ukitaka kujua habari za mtu mmoja tangu mwaka jana hata leo, itakubidi ufunue kurasa mpaka jua lizame. Kompyuta huweza yote mawili.

JINSI MGANGA AINGIAVYO

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Kumbukumbu zimo ndani. Je, mganga huzifikiaje? Nitaeleza kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni mapokezi. Karani humwuliza mgonjwa majina yake yote, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na namba ya simu. Ama huitazama kadi yake ya bima. Kama ni mgeni hupewa namba. Namba hii ni ya maana kuliko jina. Huku kwetu waweza kuwakuta watu wawili wenye jina moja la ubatizo na jina moja la ukoo, wote wa kata moja. Karani akifungua ukurasa wa mmoja kwa ajili ya mwingine, mganga atasoma kweli, lakini atasoma kweli ya mtu mwingine.

Hatua ya pili ni kufungua mlango. Kila mfanyakazi ana jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Jina laieleza kompyuta, "Mimi ni fulani," na neno la siri lathibitisha ya kuwa ndiye kweli. Mahali pengine ulimwenguni huongezwa uthibitisho wa pili, kama vile namba inayotumwa katika simu au alama ya kidole, ili mwizi wa neno la siri asiweze kuingia kwa neno hilo peke yake.

Hatua ya tatu ni mipaka ya kazi. Mlango ukifunguka, si wote waonao vyumba vyote. Karani wa mapokezi huona majina na namba. Mtunza fedha huona gharama. Mtu wa maabara huona kipimo alichoagizwa, naye huandika jibu. Mtoa dawa huona dawa zilizoandikwa. Mganga anayemtibu ndiye huona historia nzima, huandika maradhi, huagiza kipimo na dawa. Agizo lake laenda maabara bila karatasi, na jibu larudi mezani kwake. Programu nyingi za namna hii zina mahali pa kuandika dawa isiyopatana na mgonjwa, nalo onyo hilo halilowi kwa mvua.

Hatua ya nne ni nyayo. Apitaye katika shamba lililolimwa jana huacha nyayo. Hali kadhalika mfumo uliotengenezwa vizuri hushika habari za kila aingiaye: ni nani aliyefungua ukurasa upi, siku gani, saa ngapi, na alibadili nini. Akiulizwa baadaye hawezi kukana.

Hatua ya tano ni kufunga. Mganga aondokapo mezani hana budi kujitoa katika mfumo. Na akisahau, kompyuta nyingi hujifunga zenyewe baada ya dakika chache.

Labda mwanafunzi mwerevu atauliza, "Je, mtu akiletwa amezimia kwa ajali ya pikipiki, na mganga wa zamu hana ruhusa ya ukurasa wake, itakuwaje?" Swali zuri. Katika hospitali nyingi za nchi za nje huwekwa mlango wa dharura. Mganga huruhusiwa kuingia mara moja, lakini huandika sababu yake, na wakubwa huikagua baadaye. Uhai huja kwanza, ila hesabu lazima itolewe.

SIKU NILIPOKATALIWA

Nimewaeleza jinsi mlango unavyofunguka. Sasa niwaambieni siku niliyofungiwa, ingawa kisa hiki si cha kunisifu.

Miaka iliyopita mwanafunzi mmoja alikosa shule kwa wiki tatu. Nikasikia kwamba alionekana katika kituo fulani cha afya. Tabibu wa zamu pale alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, basi nikamwendea kwa uhakika.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, akasimama.

"Marahaba, kijana wangu. Nina haja ndogo. Hebu nifungulie kompyuta hiyo dakika moja tu, nione mtoto wangu wa darasani anaumwa nini. Mimi ni mwalimu wake, si mtu wa mbali."

Akanyamaza kidogo, akainamisha kichwa. "Mwalimu, unisamehe sana. Nikifungua, jina langu litabaki humo pamoja na saa. Lakini hata lisingebaki, nisingeweza. Mgonjwa hunieleza mimi mambo yake ili nimtibu. Hakunituma kwa mtu."

Nilikasirika, nawaambieni kweli. Niliondoka bila kuaga vizuri. Lakini njiani, nikipanda kilima, hasira ikapungua na aibu ikaingia. Nilikumbuka kwamba katika kijiji chetu habari huenda upesi kuliko pikipiki. Ningelijua jambo lile, ningemwambia mwalimu mwenzangu kwa nia njema. Naye angemwambia mkewe. Na kabla ya Jumapili mtoto yule angenyoshewa kidole hata kisimani. Je, angerudi shuleni? Na wenzake, wangethubutu tena kwenda kutibiwa pale? Mtu akiogopa kusemwa, huficha ugonjwa. Na ugonjwa ufichwao huua.

Mtoto alirudi baada ya muda. Akanieleza mwenyewe yale aliyotaka niyajue, nayo yalinitosha. Nami nikarudi kwa yule tabibu kumwomba radhi. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Nayo kata yenye adabu haisemi.

Basi tazameni. Mlango usiofunguka ulimwumiza mama yangu. Mlango usiofungika ungalimwumiza mwanafunzi wangu. Kumbukumbu njema ni ile inayofunguka upesi kwa mwenye kutibu, na kubaki imefungwa kwa wengine wote, hata wakiwa walimu.

Na sheria ya nchi yasema hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka habari za afya katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Ulimwengu umekwisha kuona hasara ya uzembe. Mwaka 2020 huko Ufini, kaskazini ya Ulaya, ilijulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa shirika la tiba ya akili liitwalo Vastaamo ziliibwa, kwa kuwa hazikuwa na kinga ya kutosha. Wagonjwa wenyewe wakaletewa vitisho: toa fedha, ama siri zako zitatangazwa.

MAMBO YANAYOHARIBU KAZI

La kwanza ni kuazimana neno la siri. Mtumishi akichelewa, mwenzake huingia kwa jina lake ili foleni isonge. Huonekana kama msaada, lakini nyayo zote huwa za uongo. Dawa ikiandikwa vibaya, atakayeulizwa ni yule ambaye hakuwapo.

La pili ni kuazimana kadi ya bima, na hapa nasema nasi tusio waganga. Dada akitibiwa kwa kadi ya ndugu yake, huona ameokoa fedha. Lakini ugonjwa wake na dawa zake vyote vimeandikwa katika ukurasa wa mwenye kadi. Siku mwenye kadi atakapoletwa hoi, mganga atasoma kundi la damu la mtu mwingine na maradhi ya mtu mwingine. Kuazima kadi si sawa na kuazima jembe.

La tatu ni umeme. Ukikatika na betri za akiba zikaisha, kompyuta ni sanduku tu. Kwa hiyo kituo chenye busara huweka karatasi tayari, kisha huingiza yaliyoandikwa umeme urudipo, siku ile ile, wala si mwisho wa mwezi.

La nne ni kuidhania kompyuta kwamba yajua yote. Mfumo wa kituo kimoja si lazima uonekane katika kituo kingine. Mgonjwa wa Ndama aweza kutumwa Bukoba, au kuvuka mpaka Bugando kule Mwanza, na akute ukurasa mweupe. Maana yake, daftari letu la mkononi halijaisha kazi.

YATUPASAYO SISI

Wazazi, litunzeni daftari la kila mtu wa nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto. Jifunzeni kulitaja kwa jina lake dawa lililowadhuru. Mama yangu sasa hukaa na karatasi ngumu iliyoandikwa "SALFA HAPANA", imefungwa katika nailoni na kutiwa ndani ya mkoba wake wa kanisani. Mpewapo namba ya kituo, iandikeni. Taja majina yako yale yale kila uendapo. Usiwe na jina moja leo na lingine kesho.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba somo hili ni la wakubwa. Wengi wenu mwapenda kuwa matabibu, wauguzi na mafundi wa kompyuta. Anzeni sasa. Asiyeweza kutunza neno lake la siri la simu hatatunza la hospitali. Na afunguaye barua ya mwenzake bwenini, kesho atafungua ukurasa wa mgonjwa asiye wake. Hodari katika kazi hii ni yule ajuaye kufungua, na ajuaye pia kuacha kufungua ajapokuwa na ufunguo mkononi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini namba ya mgonjwa ni ya maana kuliko jina lake?
2. Taja wafanyakazi wanne wa hospitali, useme kila mmoja anapaswa kuona nini katika kumbukumbu ya mgonjwa.
3. Jaribio la mwaka 1976 latufundisha nini juu ya akili ya mwanadamu?
4. Eleza madhara mawili ya kuazimana kadi ya bima.
5. Uliza nyumbani: je, kila mtu wa nyumba yenu aijua dawa isiyopatana na mwili wake? Liandike jibu, ulipeleke kwa wazazi wako, usiniletee mimi.

Ni mimi mwalimu wenu wa Baiolojia.